Piano imekula moshi wa makuti, nimeipangusa na maji ikawa mbaya zaidi, nifanyeje? (Malindi)

mwalimu_wa_do:

Salaam wadau, naombeni msaada wa haraka kama kuna mtu ashawahi kukumbana na hili. Niko Malindi upande wa Casuarina, nafunza watoto piano hapa nyumbani, jioni wakitoka shule na Jumamosi asubuhi. Jumatano usiku makuti ya jirani yalishika moto, na mnajua kaskazi ikivuma mwezi wa pili makuti yamekauka yanalia, kitu cha dakika chache paa zima likawa linawaka na stoo yao ya nyuma nayo ikashika, mle ndani kulikua na magodoro, mabomba ya PVC, rola za nyaya za stima, sijui na nini tena. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia na moto wenyewe haukuvuka ukuta. Lakini upepo ulileta moshi wote kwangu, na mie madirisha ya sebuleni nlikua nimeyaacha wazi kwa sababu ya joto. Tuliporudi ndani saa nane usiku kuta zilikua kijivu, pazia kijivu, na piano yangu ya kusimama, ya Kijerumani ya zamani, nliuziwa na mzee mmoja Mtaliano aliyekua anarudi kwao, imefunikwa na masizi kama imepakwa kiwi.

Sasa kosa langu. Asubuhi nikachukua kitambaa cha maji na sabuni ya vyombo nikapangusa kifuniko cha juu. Masizi badala ya kutoka yakasambaa, yakanata, sai kuna mawimbi meusi yenye mafuta mafuta na hayatoki hata ukisugua. Nikaacha hapo hapo. Nimefungua kifuniko nikaangalia ndani na tochi, nyundo zote zina vumbi jeusi, nyaya pia, na harufu ni ile ya plastiki iliyoungua inayokaa kooni.

Fundi wa rangi amekuja akaniambia niitoe nje juani, yeye ataipiga msasa aipake vanishi mpya kwa elfu kumi na nane. Shemeji yangu anasema niiuze mbao. Watoto wana mtihani wa ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, na sina piano nyingine. Ikisafishwa itapona au nimeshaiua? Nimejaribu kuipiga kidogo, sauti ya juu iko sawa lakini besi zimezubaa.

kaskazi_tupu:

Pole sana teacha. Mie sina utaalamu wa piano ila nlikua pale nje usiku ule nikibeba ndoo, moshi wa ile stoo haukua moshi wa makuti tu, ulikua unachoma macho kweli kweli. Usikae humo ndani bila barakoa.

FundiNyaya_Msa:

Dadangu pole. Natyuni piano Mombasa na huja huko Malindi mara moja moja, ngoja nikueleze kwa urefu manake hapa ndipo watu hupoteza piano nzima nzima kwa haraka.

Mwanzo kabisa weka kitambaa chini na usiipige tena, hata kujaribu. Kila ukibonyeza, nyundo inagonga waya na masizi yanashindiliwa ndani ya felti, kile kitambaa kizito cha kichwa cha nyundo, yanaingia pia kwenye vile viungo vidogo ambavyo kila kibonye kinavyo vyake. Masizi yaliyokaa juu juu yanatolewa. Yaliyoshindiliwa ni kazi nyingine.

Pili, usiitoe juani. Huyo fundi wa rangi anaiona kama kabati. Piano ya umri huo imegandishwa na gundi ya ngozi, ile ambayo maseremala wa zamani waliitumia ikiwa imepashwa moto, na jua la Malindi saa saba mchana likipiga ubao mweusi wa masizi gundi inaanza kulegea na ubao wa sauti unapasuka. Ule ubao mwembamba wa nyuma ndio unaotoa sauti, ukipasuka vanishi ya nje haitakusaidia kitu.

Naomba unijibu hivi: kwenye hiyo sebule kuna kitu chochote kilichopinda kwa joto? Mshumaa, kifuniko cha swichi, chupa ya plastiki iliyokua juu ya kabati? Kama mshumaa umesimama wima basi chumba hakikupata joto la kudhuru gundi, na ulichonacho ni tatizo la masizi peke yake. Na je, maji ya zimamoto yaliifikia? Maji yangekua balaa kuliko moshi.

Sasa kwa nini nakuhimiza. Makuti yakiungua yanatoa masizi makavu, mepesi, hayo ni afadhali. Lakini umesema PVC na nyaya za stima. PVC ikiungua hutoa gesi inayoitwa haidrojeni kloraidi, hiyo ikikutana na unyevu inageuka asidi ya haidrokloriki, ile ile mafundi wa vigae wanayoondolea saruji. Na unyevu huku kwetu si wa kutafuta, piano inapenda hewa ya asilimia 40 mpaka 60 hivi, sisi tunaishi kwenye 70, 80. Kwa hiyo kila usiku hayo masizi yanalowa kidogo na yanakula nyaya. Piano ina nyaya kama 230 na zote pamoja zimevutwa kwa nguvu ya tani 15 mpaka 20, waya uliolika na kutu ukikatika unaruka kama mjeledi. Ndio maana sikushauri usubiri mpaka masika, mvua za mwezi wa nne zikiingia na hilo vumbi bado limo ndani utakuja kuona pini zote zinazokaza nyaya zimegeuka rangi ya chungwa.

Besi kuzubaa nayo ina sababu. Zile nyaya nene za chini ni chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, masizi yanaingia katikati ya mizunguko na waya hauwezi tena kutetema vizuri, unasikia kama ngoma iliyolowa. Nyaya za juu ni chuma kitupu, ndio maana bado zinalia.

Kazi unayoweza kufanya mwenyewe kesho: piga picha kila kitu kabla ya kugusa. Kisha tafuta mashine ya kunyonya vumbi yenye filta ya HEPA, ile inayonasa vumbi laini kabisa, hii muhimu, ile ya kawaida inanyonya mbele na kuyatema nyuma na sebule yote unaanza upya. Usitumie blowa. Fungua kifuniko cha juu, ndani kulia na kushoto kuna vikomeo viwili vya mbao au chuma, vizungushe, ubao wa mbele utainama kuja kwako, awepo mtu wa pili kuushika. Ubao wa chini, pale miguuni, umeshikwa na chuma kama springi, kisukume juu utatoka. Ukishafungua, mkono mmoja shika mdomo wa mashine, mkono wa pili burashi laini ya rangi, mpya, nywele ndefu. Burashi inafagia kuelekea mdomo wa mashine. Mdomo wenyewe usiguse nyundo wala vile vitambaa vya kuzima sauti, kikipinda kimoja utanitafuta kwa simu usiku. Anza juu shuka chini, na usisahau chini ya pedali, huko masizi hukaa kama mchanga.

Nyundo, nyaya na mashine ya ndani yenyewe, yaani viungo vinavyosukuma nyundo, achia fundi. Na vibonye vyake vikitolewa vimeandikwa namba kuanzia 1, mtu asivichanganye.

Bi_Amu:

Mwanangu pole muno, moto ni adui asiye na hodi. Mimi niko Amu, mtaa wa Mkomani, nyumba yetu iliwahi kuingiliwa na moshi wa jiko la jirani na tulifukiza ubani na udi siku tatu mfululizo madirisha yamefungwa, harufu ikaondoka kabisa. Mbao nazo ukishapangusa zipake mafuta ya nazi, ndivyo marehemu babangu alivyokua akiitunza milango yetu na hadi yeo ing'ara. Jaribu na kinanda chako mwanangu, si gharama.

FundiNyaya_Msa:

Shikamoo bi. Kwa heshima zote naomba nipingane nawe kidogo, kwa piano peke yake, kwa milango sina neno. Ubani ni utomvu, ukiuchoma moshi wake una mafuta yanayonata, sasa hapo tutakua tumepaka masizi ya pili yanukiayo vizuri juu ya masizi ya kwanza, na felti za nyundo ni sufu, zinakunywa harufu zote mbili. Mafuta ya nazi nayo hayakauki, yanakaa pale yakidaka vumbi na baadaye yanachacha, na tone moja likishuka kwenye felti basi ile nyundo imekwisha.

Bi_Amu:

Marahaba mwanangu. Basi udi achome sebuleni kinanda kikishafunikwa 😄

SeremalaBarani:

Nyie mnamcheka fundi wa rangi lakini naye ana haki yake, mie ni seremala na nmesikia mara mia watu wakituita wavunja vitu. Piano ni mbao. Mbao ikiingia masizi ya mafuta dawa yake ni thina, pangusa mpaka nyeupe, msasa namba 240, sila, vanishi. Wiki moja mpya. Teacha atakaa na hiyo burashi yake mpaka lini.

FundiNyaya_Msa:

Kaka nikuulize, ukipiga msasa juu ya masizi yanaenda wapi? Si yanasukumwa ndani ya nyuzi za mbao? Na ukipaka vanishi juu yake si umeyafungia ndani? Halafu thina kwenye piano ya miaka hiyo, ile rangi yake ya nje mara nyingi ni polishi ya zamani iliyoyeyushwa kwa spiriti, ukiigusa na thina au spiriti ya zambarau inavimba na kutoka yote, vumbi la msasa lenyewe linaingia ndani kwenye mashine. Mimi sikatai kua rangi ya nje ni kazi ya seremala. Nakataa iwe ya kwanza. Suti hupigwa pasi mtu akishaoga.

SeremalaBarani:

Hapo kwa kufungia masizi nakubali, nshawahi kuona vanishi inamenyuka kama ngozi ya kitunguu baada ya miezi mitatu kwa sababu chini kulikua kuchafu na mwenye mali akanirudia. Sawa. Basi mwalimu kwa ile sehemu uliyoipaka maji, tafuta tapentaini ya dukani, ile ya kuoshea burashi za rangi ya mafuta, SIO thina SIO spiriti. Tia kidogo sana kwenye pamba, jaribu mwanzo mahali pasipoonekana, nyuma chini huko, usubiri dakika kumi uguse na kidole. Ikiwa haijanata endelea polepole, kila pamba ikiwa nyeusi itupe, usiigeuze. Milango wazi na jiko lizimwe, tusije tukasoma habari nyingine ya moto.

mwalimu_wa_do:

Nawashukuru sana sana, nimesoma mpaka nikatulia. Majibu: mshumaa uko wima, nimeuangalia kwa kweli, na swichi ziko sawa. Maji hayakuingia ndani. Nimefunika piano na shuka la pamba.

Kitu kingine, nimeona vibonye vyeupe vimekua kama vya kahawia hafifu, vyeusi viko sawa. Na hivyo vyeupe ukivitazama kwa karibu vina mistari mistari kama alama za vidole, na kila kimoja kina mshono mwembamba unaopita kati ya sehemu pana na ile nyembamba. Viko 52 kwa jumla? Hapana nimehesabu ni 50, piano yote ina 85. Nivisafishe na nini, jiki? Siki?

mlinzi_wa_shela:

Usitie jiki!! Hiyo mistari na huo mshono ni pembe ya ndovu hiyo dada. Mie natunza nyumba ya mgeni hapa Shela, Lamu hii sio Shela yenu ya Malindi, na ndani kuna kinanda kama hicho, kilikuja kwa boti kutoka Mokowe na kikabebwa na watu wanane kutoka gatini, punda alikataa, kwa hiyo nmejifunza kwa lazima. Plastiki haina mistari na haina mshono, ni kipande kimoja. Pembe imebandikwa vipande viwili, na ikinywa maji inajikunja na kubanduka. Jiki inaikausha mpaka inapasuka. Kitambaa laini, lowesha kidogo ukamue mpaka ukifikiri hakina maji, pangusa kwa urefu kuja kwako, kimoja kimoja, usiruhusu tone lishuke ubavuni, halafu kausha hapo hapo. Rangi ya manjano iliyobaki iache, pembe hua manjano yenyewe ikikaa gizani, hiyo sio moshi.

Na nikwambie kitu, pembe nyingi zilizoishia kwenye piano za Ulaya na Marekani zilipita kwenye pwani hii hii, Zanzibar ndio ilikua soko kubwa na hata huku kwetu Lamu zilipita, kuna mji kule Connecticut unaitwa Ivoryton mpaka leo kwa sababu viwanda vyake vilikua vikikata pembe kua vibonye. Watu walizibeba mabegani kutoka bara miezi na miezi. Sasa wewe unayo Malindi umeisugua na sabuni ya vyombo. Natania usikasirike.

Ila kwa huyo shemeji anayetaka uiuze, amechelewa. Biashara ya pembe ilipigwa marufuku kimataifa tangu uamuzi wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa 1989, mwaka ule ule Rais Moi alizichoma tani 12 pale Nairobi, na sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 ni kali, sio ya kuchezea. Kabla ya kuuza, kusafirisha au hata kung'oa hivyo vipande, nenda KWS, shirika la wanyamapori, ukaulize kwa maandishi. Kuipiga nyumbani ni jambo moja, kuiingiza sokoni ni jambo lingine.

mwalimu_wa_do:

Subhanallah. Miaka yote nawaambia watoto wanawe mikono kabla ya kushika na sikujua wanashika nini.

Pwani_Bima:

Swali la haraka, una bima ya nyumba? Hata kama huna, jirani anaweza kua nayo na moto ulianzia kwake. Picha ulizopiga ziwe na tarehe, andika ulichogusa na ulichokiacha, na mwambie fundi akupe makadirio kwa maandishi kabla hajaanza. Ukishasafisha kila kitu kiking'ara hakuna mkaguzi atakayeamini palikua na masizi. Ile sehemu uliyosugua na sabuni usiifiche, ieleze kama ilivyo.

dj_tezo:

Kwani si ununue kibodi ya stima tu, elfu arobaini unapata nzuri, haina nyaya haina pembe haina kelele. Mambo ya kuhangaika na mti wa mzungu aliyehama.

mwalimu_wa_do:

Kaka kibodi ninayo, ilikua kwenye chumba kile kile, na kuna fundi wa simu kaniambia nisiiwashe kabisa mpaka ifunguliwe manake masizi yakilowa yanapitisha umeme na itaungua saketi. Kwa hiyo sai sina hata hiyo. Na kidole cha mtoto kikizoea kibonye chepesi, siku ya mtihani akikutana na piano ya kweli anapiga kama anamkanda paka.

FundiNyaya_Msa:

Huyo wa simu kasema kweli, usiiwashe.

Nakuja Alhamisi dada, nina kazi nyingine Watamu. Usiku iache milango imefungwa na makaa ya kawaida, yasiyowashwa tafadhali, kwenye bakuli mbili chini ndani ya piano upande wa pedali, na kibakuli cha bekin soda kando yake. Unga wenyewe usiumwage juu ya kitu, ukae ndani ya bakuli. Kuna watu watakuletea mashine ya ozoni waseme inaondoa harufu kwa usiku mmoja. Inaondoa kweli mara nyingine, lakini ozoni inakula mpira na sio hewa ya mtu kupumua, na kama masizi bado yamo harufu inarudi, sasa umelipa nini. Harufu inatoka kwa kutoa masizi. Na usipulize spreya ya kutu kwenye pini wala nyaya, nasema mapema kwa sababu kila nyumba ninayoingia nakuta kuna kopo lake juu ya friji.

mwalimu_wa_do:

Wadau narudi na habari, ni wiki ya tatu sasa.

Fundi alikuja, alikaa siku mbili. Alifungua nati zinazoshika mashine nzima akaitoa kwa kipande kimoja, nlishikilia upande mmoja mikono ikitetemeka, akaipeleka barazani kivulini akaisafisha nyundo moja baada ya nyingine na ile sponji kavu ya mpira ya masizi, haiguswi na maji kabisa, unapitisha mara moja unakata upande mchafu unautupa. Vibonye vyote 85 alivitoa, chini yake tulikuta masizi, sindano ya nywele, sarafu ya lira ya Italia na mende watano marehemu. Nyundo za kati alizipitisha msasa laini sana, lakini alikataa kunionyesha namna, akasema hiyo sio ya kujifunza kwa kutazama. Besi, nyingi zimeamka baada ya kuzilegeza na kuzisafisha, tatu zimekataa kabisa na tumeagiza nyingine, waya wa zamani unatumwa ndio wanapimia. Kuityuni ameityuni mara moja tu, anasema itashuka tena, arudi baada ya mwezi ndio aifikishe la kwenye 440, kipimo cha kawaida cha kutyunia.

Ile sehemu ya juu niliyoiharibu, tapentaini ya SeremalaBarani imefanya kazi robo tatu. Imebaki alama kama ramani, nimeweka kitambaa cha leso juu na maisha yanaendelea. Ahsante kaka.

Gharama imezidi elfu kumi na nane za fundi wa rangi, tena sana, sitasema hapa shemeji asione. Jirani ameleta nusu, kwa hiari yake, Mungu amlipe.

Limebaki la harufu. Mchana hakuna kitu. Jioni unyevu ukipanda, hasa mvua ikitaka kunyesha, inarudi kidogo kutoka chini ya vibonye, kwenye mbao ambazo hazijapakwa rangi. Fundi alisema nitie balbu ndogo ndani chini ili ikauke, nimesahau kumuuliza ya wati ngapi na nimeona haya kumpigia tena.

FundiNyaya_Msa:

Usione haya. Ya zamani ya uzi, wati 15, ikikosa 25, sio zaidi. LED haina joto haitakusaidia. Ifunge pale chini upande wa kulia mbali na kitambaa cha pedali na mbali na waya wa besi, iwe na kizimba cha chuma, na tia shubiri moja ya nafasi kila upande. Iwashe usiku tu ukiwa nyumbani. Zile mbao za chini zisizo na rangi nikirudi tutazipaka shelaki nyembamba, ile polishi ya spiriti, hiyo inafungia harufu, safari hii tumeshatoa uchafu kwa hiyo ruhusa.

SeremalaBarani:

Shelaki nipake mie. Nakuja na burashi yangu, sitoi msasa.

mwalimu_wa_do:

Njoo kaka, chai ipo. Watoto wamerudi tangu Jumatatu, yule mdogo wa miaka saba alikaa akainusa inusa halafu kaniuliza, teacha, mbona do ya katikati inanuka mishkaki.